Mwendo wa Ubishi

Nilifundishwa kuwahimiza wenzangu waache kukaa nikiwa nimekaa. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, vijana kumi na wawili wenye kisukari tulikalishwa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa kliniki yetu, tukaelezwa madhara ya kukaa. Aliyetufundisha naye alikuwa amekaa. Chai ililetwa pale pale tulipo, ili tusipoteze muda kwa kuinuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa ualimu chuoni Kyambogo, na nilikuwa nikijidunga insulini tangu nikiwa na miaka kumi. Aliyenichagua ni sista wa kliniki, muuguzi wa makamo mwenye sauti laini ambayo sijawahi kumwona mtu akiikatalia.

“Hawa wadogo wametuchoka sisi wenye makoti meupe,” aliniambia. “Tukiwaambia wafanye mazoezi, wanaitikia, halafu wanakwenda kulala. Wewe ni mwenzao. Watakusikia.”

“Lakini sista, mimi mwenyewe sifanyi mazoezi.”

“Utafanya nao.”

Hakujua nilikuwa nasema kweli kiasi gani. Kwetu ni Mbuya, mlimani, nyumba ya sajini mstaafu. Kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwetu ni mwendo wa dakika kumi, na mimi dakika hizo nilizipanda kwa bodaboda kila siku ya Mungu. Waendesha boda wa pale chini waliamini nina tatizo la miguu. Walinisaidia kupanda na kushuka, mmoja alikuwa akinishikia mkoba, na sikuwahi kuwasahihisha. Baba, ambaye ujanani aliwahi kutembea siku tatu na bunduki begani, akiniona nashuka kwenye boda getini alikuwa akigeuza uso kama mtu aliyeona bendera imeanguka.

Mwisho wa mafunzo tulipewa cheti, filimbi, na fulana ya manjano yenye maandishi makubwa mgongoni ya kuwataka watu watembee nasi. Yangu ingewatosha wawili. Tulipewa pia fomu za kujaza kila wiki: aina ya zoezi, dakika, sukari kabla, sukari baada, na kisanduku kimoja cha hali ya moyo.

Mimi nilipewa msichana wa miaka kumi na minne kutoka Kalerwe. Sista alituunganisha kwa sababu ya lugha. Mama yake alitokea upande wa Kongo, alikuwa akiuza dagaa na unga wa muhogo sokoni, na nyumbani kwao walizungumza Kiswahili. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, na Kiswahili ndiyo lugha niliyochapwa kwayo. Sista alisema tutaelewana.

Jumamosi ya kwanza nilimkuta nyuma ya meza ya mama yake, amekaa juu ya gunia la unga kama mtu aliyeteuliwa na rais kukalia gunia lile. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na macho ya mtu anayesubiri ukosee. Alinitazama fulana, akatazama filimbi, kisha akamgeukia mama yake.

“Ndiye huyu?”

“Ndiye. Msalimie dada.”

“Jambo dada. Sista alisema wewe uko mtu wa mazoezi.”

“Ndiyo,” nikasema.

“Unakimbia?”

“Kila siku.”

Sijui kwa nini nilisema vile. Labda ni fulana.

“Basi kimbia, nione.”

Mama yake alitaka kumkemea, lakini nilikuwa nimeshajifunga mwenyewe. Nikaweka mkoba chini, nikapuliza filimbi, nikaanza kukimbia kuzunguka safu ile ya meza: dagaa, nyanya, kabichi, mishikaki ya kuku, kisha dagaa tena. Nilikuwa nimesahau jambo moja. Kalerwe mtu akikimbia, watu hawamuulizi anataka kupunguza uzito gani. Kabla sijamaliza mzunguko wa kwanza nilisikia mwanamume akipaza sauti, “Huyo! Huyo!” na wawili wakaacha mikokoteni yao. Kilichoniokoa ni rangi ya fulana. Muuza kabichi aliwaambia waniache, mimi natangaza sabuni.

Mzunguko wa tatu nilianza kuyumba. Nilikuwa natoka jasho la baridi, midomo inanichezacheza, na nyanya zilikuwa zimeongezeka mno. Nilijua ni nini, maana nimeishi nacho, lakini nilikuwa nafikiri zaidi kuhusu heshima yangu. Nilipofika mezani nilishika ukingo, dagaa wakamwagika.

Yule msichana akashuka kwenye gunia. Bila haraka alifungua kimfuko chake, akatoa mashine ya kupima sukari, akanishika kidole, akanichoma, akasubiri.

“Tatu kasoro,” akasema. “Imeshuka. Kaa.”

Nikakaa juu ya gunia lake. Akaninywesha soda ya mama yake, akatazama saa ya simu, akasimama mbele yangu mikono kiunoni kwa dakika kumi na tano kamili.

“Asubuhi ulikula nini?”

“Chai. Na nusu kipande cha mkate.”

“Ukadunga dawa kama kawaida?”

“Kama kawaida.”

“Na kabla ya kukimbia, ulipima?”

“Sikupima.”

“Na wewe ndiye mwalimu.”

Akanipima tena. Ilikuwa imepanda. Akanipa ndizi na kipande cha muhogo, kisha akaniomba nimpishe, akarudi kukaa kwenye gunia lake. Siku ile kwenye fomu niliandika: kukimbia, dakika tisa. Fomu haikuuliza ni nani aliyekimbia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda bila filimbi. Nilikuwa nimekula, nimepima, nina glukosi mfukoni, na nimeamua kusema ukweli.

“Sikimbii kila siku,” nikamwambia. “Sikimbii kabisa. Leo tutembee tu, mimi na wewe, hadi pale kwenye mzunguko wa barabara.”

“Mimi siko mtembeaji.”

“Kidogo tu.”

“Dada, miguu yangu iko sawa hapa.”

Nilisimama pale nikitazama watu, na mama mmoja akapita amembeba kuku kichwa chini, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Ili tu kuvunja ukimya nikasema, “Maskini, kamba imembana magoti.”

“Kuku hana magoti,” akasema msichana.

“Anayo. Si pale anapokunja mguu?”

“Pale anakunja kwenda nyuma. Goti linakunja mbele. Hicho ni kiwiko.”

“Kiwiko cha mguu?”

“Ndiyo. Kuku ana viwiko vinne.”

Mimi nilisomea sayansi kidogo kabla ya kuhamia ualimu wa lugha, na nilijua goti la kuku liko juu, limefichwa na manyoya. Nikamweleza. Akasema kama limefichwa, mimi nimelijuaje? Nikasema nimesoma. Akasema hata kukimbia kila siku nilisema. Hapo nilikasirika, kweli nilikasirika, nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Nilikwisha kufika kwa wauza mitumba niliposikia sauti yake nyuma yangu.

“Hujanijibu! Kama goti liko juu, paja liko wapi?”

Alikuwa ameshuka kwenye gunia. Ananifuata. Nikamjibu bila kusimama, naye akanijibu, tukapita mzunguko wa barabara, tukapita mafundi wa vitanda, tukaingia kando ya ile barabara kubwa inayouzunguka mji, na ubishi ulipofika kwenye suala la kama samaki ana shingo, alisimama ghafla akatazama huku na huku.

“Tuko wapi?”

“Kyebando.”

“Nani amenileta huku?”

Ilibidi turudi, na kwa kuwa suala la samaki lilikuwa halijaisha, tulirudi kwa miguu. Tulipofika sokoni mama yake alikuwa amesimama juu ya stuli akimtafuta kwa macho. Miezi minane, alinieleza baadaye, mtoto alikuwa akitoka kitandani kwenda shule, akitoka shule kuja kwenye gunia, akitoka kwenye gunia kwenda kitandani, na kokote alipopelekwa alipelekwa kwa boda.

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Wiki nzima, katikati ya mihadhara, nilikuwa nikiandika mada kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Je, chapati iliyoviringishiwa mayai ni chakula cha chapati au ni chakula cha mayai? Je, karoli, yule ndege mkubwa mwenye upara anayesimama juu ya mapipa ya taka ya mji wetu, ana upara kwa sababu ya uzee au amezaliwa nao? Je, mtu akila ugali amesimama, unafika tumboni haraka zaidi? Jumamosi nafika sokoni, tunapima sukari wote wawili, tunakula kitu kama iko chini, kisha natupa neno moja na kuanza kuondoka. Ananifuata kila mara. Aliniambia kwamba anajua ninachofanya, na kwamba hawezi kujizuia.

Kulikuwa na sharti moja, na nililijua kwa kulivunja: nisishinde. Siku ya karoli tulikuwa tumefika mbali, Kisaasi inaonekana, na yeye anasisitiza kwamba upara wa karoli ni wa uzee kama wa mwalimu wao wa hesabu. Mimi kwa upumbavu nikatoa simu, nikatafuta picha ya kinda la karoli, nikamwonyesha. Kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kuwa kitupu. Aliitazama kwa muda mrefu.

“Kumbe,” akasema.

Akakaa juu ya ukingo wa mfereji. “Umeshinda, dada. Miguu inauma.”

Nilimbembeleza, nikasema labda picha ni ya uongo, nikasema labda yule ni mtoto wa ndege mwingine. Hakusogea. Ilibidi nimwitie boda.

Mwezi ulipokwisha sista aliniita ofisini kwake. Fomu zangu zilikuwa mezani.

“Hapa kwenye aina ya zoezi umeandika ‘mabishano’. Ulitaka kuandika matembezi?”

“Yote mawili, sista.”

“Na kwenye hali ya moyo umeandika ‘amekasirika sana’. Wiki tatu mfululizo.”

“Ndiyo, sista. Inakwenda vizuri.”

Akalinganisha na namba za sukari za msichana, ambazo zilikuwa zimeanza kutulia. Aliniomba nimweleze, nikamweleza tangu kuku hadi karoli. Alinisikiliza bila kucheka. Niliposimama kuaga, naye akasimama.

“Lakini kuku ana magoti,” akasema. “Mimi nimechinja kuku tangu utoto. Huyo mtoto anasemaje hana?”

“Anasema ni viwiko.”

“Viwiko!” Alinisindikiza hadi getini akibishana na mtu ambaye hakuwepo.

Tatizo lilikuja kutoka kwa watazamaji. Mtu akiwasikia wasichana wawili wakigombana barabarani, husimama. Akisimama wiki mbili mfululizo, ana upande. Waendesha boda wa pale kwenye mzunguko walikuwa upande wa msichana, kwa sababu ni wa kwao. Mafundi wa vitanda walikuwa wangu. Fundi cherehani mmoja alikuwa akifunga duka saa tatu kamili ili asikose mwanzo. Kulikuwa na mama mwenye presha ambaye daktari alimwambia atembee, naye alitufuata na kikapu chake hadi Kyebando na kurudi, akichangia mara moja moja, “Hapo mtoto amesema kweli.” Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa tunatembea na watu kumi na tano au zaidi nyuma yetu, wote wakibishana, wengine wakirudi kinyumenyume ili wawatazame wapinzani wao usoni. Sijawahi kuona watu wakifanya mazoezi kwa hasira vile.

Basi mtu akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akasema kuna mwanamke mtu mzima anayekuja kila Jumamosi kumtukana mtoto mgonjwa hadharani, na mtoto anamfuata njia nzima akijitetea.

Tuliitwa wote. Mimi niliagizwa nije na mzazi, ingawa nilikuwa na umri wa kupiga kura. Mwenyekiti hakuwa na ofisi. Mchana alitumia kibanda cha kuonyeshea sinema, na kesi zilisikilizwa mbele ya kitambaa cheupe, wadaawa kwenye mabenchi, yeye kwenye kiti karibu na spika. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye kutaka sifa ya kupatanisha, na kama wengi wa mji wetu, r na l kwake zilikuwa zikitembeleana.

“Huu ni mtaa wa amani,” alianza. “Sitaki kerere. Nataka nisikie pande zote, pore pore.”

Pande zote zilikuwa nyingi. Waendesha boda walitoa mashahidi watatu. Mafundi vitanda walitoa wanne. Baba yangu alikuja amevaa suti ya kaunda na viatu vinavyong’aa, ameshika faili lenye cheti changu cha kuzaliwa, na alipoelezwa kiini cha ugomvi aliomba kurudiwa.

“Magoti ya kuku,” mwenyekiti akarudia.

“Nimetoka Mbuya kwa ajili ya magoti ya kuku?”

“Afande, hilo ndilo lalamiko.”

Baba akalifunga faili lake. Kisha akasema taratibu kwamba yeye jeshini alipata kusimamia jiko, na kwamba kama kuku asingekuwa na goti, paja lingekatwa wapi? Waendesha boda wakapiga kelele. Mama wa msichana akasimama, akapigapiga benchi.

“Mwacheni huyu dada! Mtoto wangu alikuwa amekaa kama mzigo uliosahauliwa na lori. Sasa anatembea. Mnataka amani ya nini? Amani ndiyo iliyokuwa inamuua!”

Yalikuwa maneno mazito, lakini mwenyekiti alishaandaa hati. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari: kwamba sisi wawili tunakubali kusameheana, na hatutabishana tena ndani ya mipaka ya mtaa wake. Aliisoma kifungu kwa kifungu. Kila kifungu kilizaa hotuba. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, na ndani ya kibanda kile cha mabati joto lilikuwa linatuoka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukataa. Nilikuwa nikisubiri tu msichana aanze, maana yeye alikuwa na ulimi.

“Binti,” mwenyekiti akamwambia, “unakubari?”

“Ndiyo, mwenyekiti,” akasema.

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akafurahi, akasogeza karatasi.

“Na unakubari kwamba dada huyu ni mkubwa wako, umheshimu?”

“Ndiyo, mwenyekiti.”

“Na kuku? Hata hiro ya kuku tuimarize hapa hapa. Ana magoti?”

Msichana alitabasamu tabasamu dogo, la mbali. “Anayo,” akasema.

Nikaruka kutoka kwenye benchi.

“Amekubali!” nikapiga kelele. “Sukari imeshuka! Nipisheni!”

“Dada, keti,” mwenyekiti akasema. “Mtoto ameerewa.”

“Hajaelewa chochote! Huyu hakubali kitu akiwa mzima!”

Nilimshika mkono. Ulikuwa umelowa, wa baridi. Mama yake alikuwa ameshafika upande wa pili, akafungua kimfuko, akanipa mashine. Nilimchoma kidole mimi. Mashine ikahesabu, na namba iliyokuja ilikuwa chini kuliko ile ya kwangu siku ya fulana. Alikuwa amejidunga asubuhi, akaja kwa miguu, na chakula cha saa sita kilikuwa kimepita katikati ya kifungu cha tatu. Nilimimina glukosi kwenye maji ya chupa ya baba, nikamshikia chupa. Mwenyekiti alikuwa amesimama na hati yake mkononi, hajui aiweke wapi. Mtu akazima feni ili tusikie, ingawa hakukuwa na cha kusikia. Watu thelathini walimtazama mtoto akinywa maji. Wengi wao walikuwa hawajui ugonjwa ule unafananaje. Walidhani kisukari ni cha wazee wenye matumbo.

Baba alitazama saa yake ya mkononi. “Dakika tano,” akatangaza. Baadaye, “Dakika kumi.” Hakuna aliyemwomba ahesabu, lakini ilitusaidia.

Dakika ya kumi na tatu msichana akanyoosha shingo. Akatazama kitambaa cheupe, akatazama watu, akaiona karatasi.

“Hiyo ni nini?”

“Ni makubariano,” mwenyekiti akasema kwa upole sana. “Umekubari kutobishana.”

“Nani amekubali?”

“Wewe.”

“Mimi? Lini?”

“Sasa hivi. Hata magoti ya kuku umeyakubari.”

Alinigeukia mimi, macho yamejaa machozi ya hasira, na sijawahi kufurahi kuona mtu amenikasirikia kiasi kile. “Dada, ulikuwepo ukaniacha niseme hivyo?”

Kilichofuata kilichukua saa nzima zaidi, ila safari hii mama yake alileta kwanza sahani ya muhogo na maharage. Suala sasa lilikuwa kama neno la mtu ambaye sukari yake imeshuka ni neno lake. Baba alisema jeshini amri iliyotolewa na mtu aliyezimia haitekelezwi. Fundi cherehani alisema yeye aliwahi kuoa akiwa na malaria na ndoa ikahesabika. Mwishowe mwenyekiti, ambaye alikuwa amechoka na ambaye, nadhani, aliogopa kumuua mtoto wa mtu kwa upatanisho, aliikunja hati akaitia mfukoni. Akaandika nyingine, fupi: tunaruhusiwa kubishana Jumamosi asubuhi, tukiwa tunatembea. Kusimama na kubishana ni marufuku, kwa sababu kunaziba njia.

Sista aliiomba karatasi hiyo, akaibandika ukutani kliniki.

Kwa muda baada ya pale tulipata umati mkubwa zaidi, kisha mvua zikaja, watu wakapungua, na Jumamosi moja tulijikuta wawili tu. Sikumbuki tulikuwa tukibishana nini. Tulipita Kyebando, tukapita Kisaasi, tukakaribia Ntinda, mahali ambapo hatukuwahi kufika. Pale akanyamaza. Nilidhani ni sukari, nikataka kusimama, akasema hapana, yuko sawa, nisimtazame tu.

“Nataka kusema kitu, lakini usinibishie.”

“Sitabisha.”

Akaniambia kwamba mwaka uliotangulia, akiwa darasa la sita, siku ya michezo shuleni, alikimbia mita mia mbili. Alikuwa anaongoza. Kisha miguu ikamwishia, akaanguka, akajikojolea mbele ya shule nzima. Wakati huo hakuna aliyejua ana ugonjwa gani. Mwalimu mmoja alisema ni mapepo, akamwekea mikono kichwani, wakamwombea pale kwenye majani muda mrefu, naye anawasikia kwa mbali na hawezi kusema kwamba ana kiu. Alizinduka hospitalini.

“Tangu siku ile nikitembea ninaona kila hatua inaweza kuwa ile,” akasema. “Nikiwa nabishana ninasahau.”

Kwenye mafunzo tulifundishwa sentensi za kusema mahali kama pale, na hakuna hata moja iliyonijia. Nilimwambia yangu. Kwamba nikiwa kidato cha pili nilipanda kwenda kwetu Mbuya kwa miguu, jua la saa tisa, nikaanguka kwenye mfereji hatua mia moja kutoka mlangoni, na watu wakapita wakidhani nimelewa, na sare ya shule nilikuwa nayo mwilini. Baba ndiye aliyenikuta. Alinibeba, hakuuliza kitu, na tangu siku ile mimi mlima ule naupanda kwa boda. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba naogopa. Ilikuwa rahisi zaidi kuitwa mvivu.

“Kwa hiyo wewe pia,” akasema.

“Mimi pia.”

Tukaendelea. Kutoka Ntinda hadi Kyambogo hatukubishana hata neno moja, na ilikuwa vigumu, kama kula kitu kisicho na chumvi. Mara mbili alifungua mdomo akaufunga. Getini chuoni tulikaa kwenye nyasi, tukapimana sukari, namba zote mbili zikawa nzuri, tukala mayai ya kuchemsha na mahindi. Mama yake alipopiga simu kuuliza tuko wapi, msichana alimwambia tuko Kyambogo, naye mama akasema acha utani, mpe dada simu.

Mwaka ule ulipokwisha sista aliniuliza kama nataka kupumzika. Nilimwambia hapana. Msichana wangu hakupona, huu si ugonjwa wa kupona. Mwezi wa nane alilazwa siku nne, na kuna wiki ambazo namba zake zinapanda na kushuka bila sababu yoyote tunayoweza kuiona. Lakini sasa yuko kwenye timu ya netiboli ya shule yao, mlinzi wa goli, mrefu kuliko wote. Mara mbili ametolewa uwanjani kwa kubishana na refa.

Mara ya pili nilikuwepo. Alitoka polepole, akaketi kando yangu, akapima sukari, akamenya ndizi.

“Umeona dada? Sikukanyaga mstari.”

Nilikuwa nimeona vizuri, nilikuwa nimesimama pale pale. Alikuwa ameukanyaga kwa mguu mzima. Nikamwambia.